Lupita alianza kwa kutumwa

Asanteni, asanteni, ketini tafadhali. Wale wa nyuma kama hamnisikii inueni mkono, manake hii maiki imenisumbua tangu niishike.

Mwalimu mlezi, walimu wengine, wazazi mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja, na nyinyi vijana wa drama, hamjambo. Kabla sijasema lolote nataka kumsalimia yule kijana ameshika kamba ya pazia hapo pembeni. Nimemwangalia tangu asubuhi, amefungua na kufunga hilo pazia sijui mara ngapi na sijaona mtu akimpigia makofi. Kijana, hujambo? Haya, kaa hapo hapo, nitarudi kwako.

Nimeambiwa niongee kuhusu Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wetu wa filamu. Na hapa Kisumu mtu akisema Nyong'o kwanza watu wanafikiria gavana, alafu ndio wanakumbuka binti yake, lakini leo siasa tuiache kwa geti. Shida yangu ni moja. Kila nikiitwa kuongea na vijana kuhusu Lupita nakuta wanajua usiku mmoja tu, ule aliochukua Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu ya Marekani. Wanajua ile gauni ya bluu, wanajua ile sentensi ya kwamba ndoto zako ni halali hata kama umetoka wapi, nimeiona kwa fulana, nimeiona kwa ukuta wa darasa, kuna mahali nimeiona imepakwa rangi mlangoni pa choo. Nami sina neno na hio sentensi, ni tamu. Ila ukimhesabu Lupita kuanzia usiku ule utadhani alidondoka kutoka juu.

Usiku wenyewe ulikuwa tarehe 2 Machi 2014 kule Los Angeles, huku kwetu ilikuwa ni Jumatatu asubuhi na mapema, watu wengine hata chai hawajainjika. Lupita alikuwa amefikisha miaka 31 jana yake tu. Miaka 31! Sasa hebu turudi nyuma tuone hio miaka ilienda wapi, manake mimi hapo ndio napapenda.

Alizaliwa Mexico City, tarehe 1 Machi 1983. Baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa anafundisha kule, na walikuwa kule kwa sababu Kenya ya miaka ile haikuwa na raha kwa mtu mwenye mdomo kama wake. Lupita ni kifupi cha Guadalupe, ni jina la huko walikozaa mtoto. Familia ikarudi nyumbani akiwa bado mchanga kabisa, akakulia Nairobi, mtoto wa pili kati ya sita. Alafu akiwa na miaka kumi na sita wazazi wakamrudisha Mexico miezi kadhaa, mji unaitwa Taxco, ajifunze Kispanyola. Ndio maana aliposhinda Oscar, Wamexico nao walisema huyu ni wetu, Wakenya tukapandisha hasira kwenye mitandao mpaka yeye mwenyewe akasema jamani, mimi ni Mkenya na ni Mmexico, vyote viwili kwa wakati mmoja. Hapo tukatulia. Kidogo.

Sasa sikieni. Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet wa Shakespeare na Phoenix Players, kundi la michezo ya kuigiza la Nairobi. Nyinyi ni wadogo, hamuijui Phoenix. Ilikuwa pale Professional Centre, Parliament Road, ukumbi mdogo tu, unakaa karibu na jukwaa mpaka unaona jasho la mwigizaji, na mwigizaji naye anakuona ukipiga miayo. Ukumbi wa namna hio hauna huruma. Ukisahau maneno hakuna muziki wa kukuficha wala kamera ya kurudia. Huko ndiko alikoanzia, na leo hio Phoenix yenyewe haipo, mambo ya pesa yaliimaliza, na mimi kila nikipita hio barabara roho inaniuma. Lakini nikianza hio stori hatutalala, tuendelee.

Akaenda Marekani kusoma filamu na tamthilia Hampshire College. Sasa mngetarajia nikisema alitoka hapo akaingia kwenye filamu kubwa. Ndio, aliingia. Mwaka 2004 wazungu walikuja Kenya kupiga The Constant Gardener, ikatoka 2005, na Lupita alikuwemo. Alikuwa wa kutumwa. Rana. Leta hii, peleka ile, mwite fulani, zuia watu wasipite kamera inazunguka.

Naona mnacheka. Kuna mtu hapa amewahi kuwa rana? Hakuna. Basi mimi nilifanya hio kazi miaka miwili kwenye matangazo ya biashara Nairobi, na siku ya kwanza niliambiwa kazi yangu ni mwavuli. Nimshikie mwavuli mwigizaji mkuu, poda isiyeyuke. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa mkono juu, umekufa ganzi hausikii kitu. Mwigizaji mwenyewe alikuwa mama wa makamo na alikuwa na maneno mawili tu kwenye tangazo zima: "Karibu nyumbani." Basi. Kila wakisimamisha kamera wengine wanaenda kutafuta kivuli, huyu mama anabaki pale chini ya mwavuli wangu anasema hayo maneno kimya kimya, mdomo unacheza na sauti haitoki. Mara anasema kama anamwambia mumewe aliyekuwa safari. Mara kama anamwambia mtoto amechelewa kutoka shule. Kuna moja aliisema, naapa, ni kama anamwambia mtu anayemdai. Nilihesabu mpaka kumi na tisa nikaacha. Na nikazubaa mpaka kamera ikaanza kuzunguka mimi bado niko pale na mwavuli wangu, kivuli kimemkata uso katikati. Nilitukanwa siku hio mpaka nikasahau jina langu, na jioni nikalipwa nusu. Kampuni siitaji. Lakini hizo "karibu nyumbani" kumi na tisa ninazo mpaka leo, na nusu ya nilichofundisha hawa watoto wenu imetoka pale.

Kwa hio nikisoma kwamba Lupita alikuwa rana naelewa alikuwa amesimama wapi. Kwenye ile filamu alikuwepo Ralph Fiennes, Mwingereza, mwigizaji wa kweli kweli, na Lupita amesimulia mara nyingi kwamba siku moja huyu mzee alimuuliza, wewe unataka kufanya nini na maisha yako? Akasema kwa aibu aibu, nataka kuigiza. Mzee akashusha pumzi. Akamwambia ingia kwenye hii kazi kama tu unaona hakuna kitu kingine duniani unaweza kufanya ukaishi. Lupita anasema hakutaka kusikia hayo, ila ndio yalikuwa ya kusikia. Mwangalieni vizuri: yuko kwenye seti, kazi yake ni kutumwa, na mtu mkubwa anamuuliza unataka nini, naye hata kulisema hilo neno ni shida! Nani hapa hajawahi kulimeza?

Alafu kuna kitu napenda kuwaambia watu manake wengi hawakijui. Rachel Weisz, yule mwigizaji wa kike wa The Constant Gardener, alishinda Oscar kwa hio filamu mwaka 2006. Oscar gani? Ya mwigizaji msaidizi wa kike. Ile ile, tuzo ile ile, ambayo yule rana aliichukua miaka minane baadaye. Sisemi ni muujiza, nasema tu mkiwa mnabeba viti muwe mnaangalia.

Na hakutumwa mara moja. Alifanya kazi pia nyuma ya kamera kwenye The Namesake ya Mira Nair, huyu dairekta Mhindi ambaye nyumbani kwake kwingine ni Kampala. Mshikeni Mira Nair kichwani, anarudi.

Mwaka 2009 ndio televisheni. Shuga ya MTV, ilipigwa Nairobi, kuhusu vijana na mapenzi na Ukimwi, Lupita akiwa Ayira, msichana wa chuo anayetaka kufika mbali haraka. Wakubwa zenu waliiangalia wamejificha, msijifanye hamjui. Mwaka huo huo akatoa In My Genes, dokumentari aliyoandika na kuongoza mwenyewe kuhusu Wakenya wenye ualbino, ambayo kwangu mimi inasema mengi kumhusu kuliko Shuga. Huyu ni msichana ambaye amesema wazi kwamba utotoni alikuwa anaomba Mungu usiku aamke ngozi imekuwa nyeupe kidogo, anakimbilia kioo asubuhi, bado. Alafu akiwa mkubwa anachukua kamera anaenda kukaa na watu ambao ngozi nyeupe imewaletea kutazamwa, kuitwa majina, na hata hatari. Sijui kama aliwaza hivyo akipanga, lakini mimi nikiiangalia nawaza hivyo.

Sasa fikirini. Ni 2009, uko kwenye tivii, watu wanakujua mtaani, una dokumentari yako. Ningekuwa mimi ningekaa hapo hapo nikaanza kupewa kazi za kuongoza harusi. Yeye akafunga mabegi akaenda Yale, chuo kikuu cha Marekani, kusoma uigizaji miaka mitatu, kuanzia kupumua. Ndio, kupumua! Wanakufundisha kupumua na kusimama na kutembea kama mtoto. Mtu ambaye ameshaonekana MTV anaenda kulala sakafuni anafundishwa kupumua. Akacheza Chekhov, akacheza Shakespeare tena, na kuna mchezo wa Danai Gurira unaitwa Eclipsed, kuhusu wanawake wa vita vya Liberia, pale Yale alikuwa wa akiba. Yaani anakariri kila kitu, anakaa pembeni, mwenye nafasi akiugua ndio anaingia. Na huo mchezo nao mshikeni.

Na kuna kitu kingine alikifanya Yale ambacho kinanigusa kama mwalimu wa sauti. Akaamua kuongea Kimarekani mchana kutwa, darasani na nje ya darasa, ili apate kazi. Amesimulia kwamba alilia kwa sababu ya hilo, alikuwa anasikia sauti ikitoka mdomoni na sio yake. Sisi huku tulipomsikia kwenye mahojiano tukakimbilia kusema huyu ana tweng, lafudhi ya kuiga wazungu, ameanza kujisikia. Wakenya sisi! Mtu analia usiku anatafuta sauti yake na sisi tunamcheka mchana. Alipoanza kuzunguka kutangaza 12 Years a Slave, filamu nitakayoifikia sasa hivi, ndio akaamua ataongea kama Lupita, iwe iwavyo, na ile sauti mnayoisikia sasa ina Nairobi ndani, ina Marekani ndani, na nafikiri Taxco imo pia ukisikiliza vizuri.

Akikaribia kumaliza Yale mwaka 2012 akapata kazi ya 12 Years a Slave. Dairekta Steve McQueen amesema aliangalia wasichana zaidi ya 1,000 akimtafuta Patsey. Hio ndio filamu ndefu ya kwanza ya Lupita kuigiza maishani, ya kwanza kabisa, na ikampa Oscar, Mkenya wa kwanza.

Patsey alikuwa mtu wa kweli, mtumwa Louisiana, ameandikwa kwenye kitabu cha Solomon Northup, mtumwa mwenzake, cha 1853. Watu wakiongea kuhusu hio filamu wanaongea kuhusu ile sehemu ya kuchapwa viboko, na kweli haitazamiki. Lakini nyinyi ni waigizaji, mkienda nyumbani tafuteni sehemu mbili nyingine. Moja amekaa chini kondeni anatengeneza mwanasesere kwa maganda ya mahindi. Hasemi kitu. Vidole tu, na uso wa mtoto, manake Patsey ni msichana mdogo ambaye hakuna mtu anakumbuka ni mdogo. Ya pili ni ile ya sabuni. Amerudi kutoka shamba la jirani, bwana amepandwa na wazimu anamuuliza ulikuwa wapi, naye anafungua mkono anaonyesha kipande cha sabuni. Ameenda kuomba sabuni kwa sababu mke wa bwana amemnyima, ananuka mpaka anajitapisha mwenyewe, na anachuma pamba ratili 500 kwa siku kuliko mwanamume yeyote pale. Mwangalieni huo mkono. Sabuni ni ndogo hivi, na ameishika kama amebeba yai. Kilio kinakuja baadaye, kwanza ni mkono. Mimi nimeonyesha wanafunzi hio sehemu labda mara thelathini na kila mara darasa linanyamaza.

Baada ya Oscar watu walifikiri sasa simu itaita tu. Iliita. Amesema mwenyewe kwamba walimpigia wakimwambia Lupita tuna filamu nyingine, wewe ni mtumwa tena ila safari hii uko kwenye meli ya watumwa. Hebu wazeni, umeshika Oscar mkono mmoja, simu mkono mwingine, na unachoambiwa ni hicho! Akasema heri nifanye kazi moja pungufu kwa mwaka kuliko kurudia kuwachora Waafrika vile vile. Wengine tulikuwa tunauliza mbona hatumwoni, mbona amenyamaza, kumbe mtu alikuwa anakataa.

Alichokubali kinachekesha kidogo ukikiangalia juu juu. Star Wars mwaka 2015, na sura yake haionekani, ni kile kibibi cha miwani mikubwa Maz Kanata, kimetengenezwa na kompyuta juu ya mwendo na sauti yake. Watu wakalalamika sana, mimi nikiwemo, nilisema wamemficha. Yeye akasema alitaka kazi ambayo mwili wake haujadiliwi. Baadaye nimeelewa, ule mwaka mzima dunia ilikuwa inajadili mwili wake tu, ngozi, nywele, nguo.

Alafu ndio akarudi kwa Eclipsed. Ule mchezo aliokuwa wa akiba, nao ukafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, 2016, safari hii yeye ndiye mwenye nafasi. Mwandishi mwanamke mweusi, mwongozaji mwanamke mweusi, waigizaji wote wanawake weusi, Broadway hawakuwa wameona hio kitu. Na mwaka huo huo ikatoka filamu nyingine, na dairekta ni nani? Mira Nair. Queen of Katwe, wakapiga Katwe yenyewe Uganda na nyingine Afrika Kusini, Lupita akiwa mama yake Phiona Mutesi yule msichana wa chesi. Angalieni vile anavyotembea kwenye hio filamu, vile anafunga leso kiunoni kabla ya kugombana. Huyo mama unamjua, umewahi kununua mahindi kwake na ukajaribu kupunguziwa ukafukuzwa.

Black Panther ya 2018 nitaipita haraka manake mnaijua kuliko mimi, nawasikia mkifunga mikono kifuani kila mahali. Us ya 2019 kaeni nayo. Anacheza watu wawili wenye sura moja, Adelaide na Red, na Red ana sauti kama mtu amekabwa koo, maneno yanatoka yakikwaruza. Alisema aliitoa kwa ugonjwa halisi wa sauti, wenye ugonjwa wakaumia kwamba ugonjwa wao umefanywa wa kutisha watu, naye akaomba radhi. Wanafunzi wangu tunabishana sana hapa, kuna wanaosema mwigizaji asiombe radhi kwa kazi. Mimi nasema ukikopa kitu cha mtu mwambie umekopa. Mwaka huo huo akatoa kitabu cha watoto, Sulwe, na kwa wale si Wajaluo, sulwe ni nyota. Msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao anatafuta njia ya kuwa mweupe. Mnaona bado anakimbilia kile kioo.

Sasa dada zangu, hili nalisema taratibu na wazazi mko hapa. Oktoba 2017 Lupita aliandika kwenye gazeti la New York Times mambo ya Harvey Weinstein, yule bwana mkubwa wa filamu. Aliandika kwamba mwaka 2011 akiwa bado mwanafunzi Yale alialikwa kwake kuangalia filamu na watoto wake, katikati akaitwa chumbani, akaambiwa anataka kumkanda mgongo. Akaandika vile kichwa kilivyomzunguka, vile alivyojitolea yeye ndio amkande ili angalau ajue mikono ya mtu iko wapi, na bwana alipotaka kuvua suruali akaelekea mlangoni. Alikaa na hio kitu miaka sita. Mimi sina la kuongeza ila hili: odisheni inafanywa mahali pa odisheni, na mtu akikuambia njoo chumbani tuongee skripti, mwite mwalimu, niite mimi, nambari yangu mwalimu mlezi anayo. Hata saa nane usiku. Sitauliza ulifuata nini.

Mwaka 2024 alikuwa rais wa majaji tamasha la filamu la Berlin, mwaka huo huo akatoa sauti ya roboti Roz kwenye The Wild Robot, na akakimbizwa na madude yasiyopenda kelele kwenye A Quiet Place: Day One, filamu ambayo karibu yote anaongea kwa macho kwa sababu ukitoa sauti unakufa. Na ana paka ndani! Wale wanaoogopa paka mtanielewa, yeye mwenyewe alikuwa anawaogopa, akaenda kufundishwa kuwazoea ndio kazi iende, na baadaye akafuga wake.

Naona mwalimu ananionyesha saa. Sawa, sawa, mchezo wenu unaanza. Wale wa kundi la kwanza nendeni mkavae. Na wewe kijana wa pazia, jina lako sikulipata. Ukishafungua pazia mpe mwenzako hio kamba dakika tano, uje hapa mbele nikuulize kitu.